Kijiko cha Mzee Haule

Vijana wa banda la fimbo za gofu mmeniambia niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali, ingawa sijui kama nitaweza. Shule yangu iliishia darasa la nne kwa walimu wa misheni, na tangu hapo nimezoea kuandika mistari michache tu jioni, habari za mvua na mahindi. Mkiona mahali nimekosea, mwulizeni Sanga, naye alikuwepo. Ila Sanga huongeza chumvi, kwa hiyo mtakachosikia kwake mkipunguze kidogo.

Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitayagusa. Nitaandika habari za Mzee Fidelis Haule na chuma chake tulichokiita Kijiko, maana sehemu kubwa ya niliyoyajua ilitoka kwake. Mengine niliyajua kwa kukosea.

Nilifika Njombe kwa miguu kutoka upande wa Lupembe, kijana mwenye mke tayari, baada ya kusikia kwamba klabu ya Wazungu inatafuta wafyekaji. Njombe ilikuwa ndogo siku hizo: boma, maduka machache ya Wahindi, na barabara nyekundu ya kwenda Songea. Uwanja wa gofu ulikuwa na mashimo tisa, miti ya miwati imeuzunguka. Kila shimo lilikaa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiubebe. Duara hilo tuliliita sahani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufyeka majani na kuburuta gunia juu ya sahani baada ya wachezaji kupita, kufuta nyayo zao. Ni kazi ya kimya. Mtu mwenye mawazo mengi haimfai, nami nilikuwa nayo tele.

Nyuma ya klabu palikuwa na banda la mabati, na ndani yake aliketi Mzee Haule akitengeneza fimbo zilizovunjika. Alikuwa Mpangwa wa karibu na Lugarawa, Mkatoliki, mfupi, mwenye viganja vipana kama mikate. Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi. Babu yake aliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru la udongo. Nilipopita kumsalimu siku ile ya kwanza hakuniuliza jina.

"Kamwene, Mzee," nikasema.

"Kamwene. Wewe Mbena?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umelima?"

"Tangu nimeanza kutembea."

"Basi wewe ni mgonjwa. Njoo huku nyuma."

Akanipeleka kwenye kiwanja kidogo cha kujaribia fimbo, akaweka mpira chini, akanipa fimbo ya chuma, namba saba. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Udongo uliruka mpaka kwenye nywele zangu. Mpira ulisogea kidogo ukasimama, kama mtu aliyeitwa akabadili nia. Kedi mmoja Mkinga, mbeba fimbo wa wachezaji, alikuwa ameegemea ukuta wa banda akitafuna muwa. Huyo ndiye Sanga.

"Jamani!" akasema. "Mwenzetu anapanda viazi!"

"Nilijua," Mzee Haule akasema, wala hakucheka. "Ni jembe hilo. Jembe linashuka nyuma, linavuta udongo kuja kwako. Wabena wote mnapiga hivyo. Chuma hiki kinataka kinyume chake. Kigonge mpira kwanza, halafu ndipo kikate udongo, mbele ya pale mpira ulipokuwa."

"Na Wakinga je?" nikamwuliza Sanga, maana alikuwa ameniudhi.

"Sisi hatuna ugonjwa huo," akajibu. "Kwetu milima imesimama wima. Ukivuta udongo kuja kwako unakuzika."

Sikuona maana ya kujifunza jambo lile. Wafanyakazi hatukuruhusiwa kucheza. Tuliruhusiwa kupiga mpira kwenye kiwanja cha nyuma tu, kuhakikisha fimbo iliyotengenezwa imekaa sawa. Kuingia uwanjani na fimbo yako mwenyewe ilikuwa mwiko. Lakini Mzee Haule alisema mtengenezaji asiyejua kupiga ni kama mpishi asiyeonja, na alitaka mtu wa kumsaidia bandani. Kwa nini alinichagua mimi sijui mpaka leo. Sanga anasema ni kwa sababu nilikuwa sicheki. Labda.

Sasa nieleze Kijiko, maana ninyi mmekikuta kimetundikwa ukutani mkadhani ni takataka.

Chuma cha kawaida kina uso mpana. Ukigonga mpira pembeni kidogo, bado unaondoka, nawe unajidanganya kwamba umepiga vizuri. Mzee Haule aliona wanachama wakijidanganya hivyo mwaka hadi mwaka, halafu wanaleta fimbo bandani wakisema imepinda. Basi akachukua kipande cha springi ya lori kutoka Makambako, akakiweka motoni, akakifua mwenyewe mpaka kikawa na uso mdogo, si mpana kuliko kijiko cha chai, na nyuma yake akakiachia uzito. Mpini alitumia wa mti, wa fimbo ya zamani iliyokatika kichwa. Ukipiga kwa Kijiko mpira ukakutana na katikati ya uso ule mdogo, husikii kitu mikononi. Ukikosa hata kidogo, mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko, na kwa baridi ya Njombe ya mwezi wa saba unaweza kutoa machozi. Mimi niliyatoa. Sanga anasema nililia kwa sauti, lakini hilo si kweli.

Namna ya kukitumia ni hii. Unachukua jivu mkononi, unachora mstari mwembamba kwenye majani, unaweka mpira juu ya mstari. Halafu unapiga polepole, nusu ya nguvu, mikono ikitangulia mbele ya kichwa cha chuma. Ukimaliza unainama kuangalia. Kama jeraha la udongo limeanzia nyuma ya jivu, umelima. Kama limeanzia mbele, umepiga. Jivu halina upendeleo. Mzee Haule hakusema "vizuri" wala "vibaya". Alinyoosha kidole kwenye jivu, basi. Nilikaa msimu mzima nikilima. Mke wangu aliponiuliza najifunza kazi gani nilishindwa kumweleza. Nikamwambia nafundishwa kusahau jembe, naye akasema afadhali nisilisahau kabla mtama haujapaliliwa.

Siku moja, sijui nilifanya nini tofauti, nilipiga na sikusikia kitu mikononi. Nilisikia mlio tu, mfupi na mkavu, kama ukuni mmoja uliovunjwa chumba cha pili. Jeraha lilikuwa mbele ya jivu. Nikamtazama Mzee Haule. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani.

"Umeusikia?" akasema. "Huo ndio. Sasa utautafuta maisha yako yote, pole sana."

Alisema kweli. Nimestaafu, na bado asubuhi nikisikia mtu akipasua kuni kwa jirani nageuka.

Makambako nako tulikwenda pamoja, kuchota oili chafu pale malori yanaposimama njia panda. Mnaujua upepo wa Makambako. Mzee Haule hakuuchukia kama watu wengine. Tukisubiri madebe yajae, alitoa Kijiko kwenye gunia na kunipigisha mipira kuuelekea upepo, kwenye uwanda ulio wazi upande wa pili wa barabara. Mpira uliopigwa ovyo ulipanda juu ukarudishwa kama barua isiyo na stempu. Uliopigwa sawa ulipita chini ya upepo. Madereva walitoka kwenye chai kututazama.

"Wazee, mnawinda nini?" mmoja aliuliza.

"Tukikiona tutakuambia," Mzee Haule akamjibu.

Kuhusu wanachama nataka nisimpunje mtu. Wako waliotuita kwa kupiga mluzi, na wako waliotusalimu. Bibi mmoja wa mashamba ya chai alikuja bandani amekata tamaa kabisa, kila mpira wake unakwenda upande wa kulia. Hakusema fimbo imepinda. Alisema, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mimi ndiye mbaya." Mzee Haule akampa Kijiko na jivu. Alikuja kiangazi chote, saa ya jua kali wenzake wakilala, vidole vimetoka malengelenge, na hakulalamika hata mara moja. Maneno ya kuelewana yalikuwa machache kati yetu, kwa hiyo tulinyoosha vidole tu. Siku aliyousikia mlio alikaa chini kwenye majani na sketi yake nzuri. Yeye ndiye aliyetuhakikishia kwamba ugonjwa haukuwa wa Wabena peke yao, maana kwao hakuwahi kushika jembe. Mwingine, ambaye simtaji, alipopewa Kijiko alikirudisha akasema hawezi kuchezea kijiko kama mtoto. Naye alikuwa na haki. Klabu ilikuwa yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku moja ya kazi ya kawaida, Mzee Haule akiwa anafunga uzi kwenye mpini, aliacha uzi akatazama nje.

"Fimbo zote zilizopita mikononi mwangu zimezunguka mashimo haya tisa," akasema. "Mimi sijazunguka."

Nikaweka chini chuma nilichokuwa nasugua.

"Nataka mara moja tu. Kuanzia la kwanza mpaka la tisa, na vyuma vyangu, mtu mzima anayecheza. Baada ya hapo niende zangu kwetu."

Alisema hivyo huku akikunja na kukunjua vidole. Viungo vyake vilikuwa vimeanza kuvimba kila baridi ilipoingia. Kazi ya moto na kazi ya baridi hazipendani, na mikono yake ilikuwa imefanya zote mbili. Kila mwaka vidole vilifunga mapema zaidi. "Vinafunga duka," alisema mwenyewe. Nilijua, na yeye alijua, kwamba mwaka utafika vitafunga visifungue.

Katibu wa klabu alikuwa mtu mkimya mwenye masharubu ya mvi. Sanga alimwita Mzee Paka, lakini si kwa ubaya. Ni yeye aliyetangaza, mwanzoni mwa msimu wa baridi, kwamba kutakuwa na siku moja ya wafanyakazi kucheza uwanjani. Wanachama wengine walinung'unika. Alishikilia neno lake, na ni haki nimwandikie hivyo.

Tangu siku ile Mzee Haule alifika kazini kabla ya wote. Nilikuwa namchorea jivu, naye anapiga kwa Kijiko akiwa amefunga vidole kwa kitambaa cha sufu, taratibu, kama mtu anayekumbuka sala. Jeraha halikuanzia nyuma hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Niliogopa mvua, niliogopa vidole, niliogopa Wazungu wabadili mawazo. Ukungu sikuuogopa, nao ndio uliokuja.

Siku yenyewe ukungu ulilala juu ya Njombe mzito kiasi kwamba kutoka mlangoni mwa banda sikuiona miwati. Wafanyakazi walisimama barazani wakipuliza mikono. Tulingoja. Ukungu haukuondoka. Mwishowe Katibu akatoka na kusema kwa sauti ya masikitiko kwamba haiwezekani, hakuna atakayeona mpira unakokwenda, basi tutacheza mwaka ujao.

Watu wakaanza kutawanyika. Mzee Haule hakusogea. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Bwana," akasema, "mimi naomba nizunguke."

"Huwezi kuuona mpira, Haule."

"Siuoni, Bwana. Nitausikia."

Katibu alimtazama mikono, ile iliyofungwa sufu.

"Mimi nakwenda kunywa chai," akasema. "Na kwa ukungu huu, kama kuna mtu uwanjani, siwezi kumwona."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulikwenda watatu. Mimi nilibeba vyuma, naye Sanga alitangulia mbele kwenye ukungu, kazi yake kusikiliza mpira unapoanguka na kupiga kelele. Mzee Haule alicheza na mpira mmoja aliouweka siku nyingi, wenye msalaba mdogo aliouchoma kwa msumari wa moto. Shimo la kwanza alipiga, tukasikia mlio ule mkavu, halafu kimya, halafu sauti ya Sanga kutoka mbali:

"Huku! Umenipita sikioni, Mpangwa wewe! Unataka kuniua nife bila mke?"

"Mke utampata wapi na mdomo huo?" Mzee Haule akampigia kelele. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti vile. Alikuwa amekuwa kijana.

Tulikwenda hivyo, shimo kwa shimo, bila kuona zaidi ya miguu yetu. Kwenye sahani tulipiga magoti kutafuta tundu kwa mikono. Sitaandika alitumia mapigo mangapi, maana hakuhesabu, na mimi nikiandika nitakuwa nabuni. Sikumwona akilima hata mara moja.

Shimo la tano mnalijua. Kuna bonde, chini kuna kijito, na mpira sharti uvuke wote. Sanga alizunguka akapanda ng'ambo, akatuita kwamba yuko tayari. Mzee Haule alichagua chuma namba tano. Akafungua kitambaa vidoleni, akakitia mfukoni.

"Vitauma, Mzee," nikamwambia.

"Viache viume."

Akapiga.

Nimesikia mapigo mengi maishani. Lile sijalisikia tena. Halikuwa na mlio wa udongo wala wa chuma. Kama hewa ilifunguka ikafungwa. Tukangoja. Kijito kilisikika chini. Tukangoja tena.

"Sanga!" nikaita.

"Naam!"

"Umeanguka wapi?"

Tukasikia majani yakipekuliwa ng'ambo.

"Nimesikia ulivyoondoka," akasema. "Haujafika."

Tukatelemka bondeni, tukapanda ng'ambo, tukatafuta kwenye majani, kwenye mchanga wa sahani, ndani ya tundu lenyewe, kwenye miwati iliyo nyuma. Tulitambaa na nguo zetu nzuri. Mzee Haule alisimama tu katikati, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayengoja mlango ubishwe. Hatukuupata. Mwishowe nikampa mpira mwingine. Akautazama muda mrefu, akauweka chini. Aliyamaliza mashimo yote tisa, na kwa sheria alizunguka. Nalisema hilo wazi mtu asije akalibisha. Tulipofika barazani Katibu alikuwa mlangoni na kikombe.

"Habari za bandani, Haule?" akauliza.

"Nzuri, Bwana," akajibu. "Nzuri sana."

Lakini nilimwona akigeuka mara moja kutazama bondeni.

Baridi ile haikuisha kabla vidole havijafunga. Akaniachia banda, na Kijiko, akapanda lori kurudi kwao. Niliendelea na kazi kama mlivyonikuta. Kila mtu aliyetoka pande za Lugarawa kuja sokoni alinipitia na salamu zake, na salamu zilimalizika kwa neno moja lilelile: "Mzee anauliza kama mpira wake umefika." Nami nilijibu kwamba bado. Niliufyeka mteremko ule wa shimo la tano mimi mwenyewe, hata nilipokuwa na watu wa kunifyekea. Nilipata mipira mingi. Wenye msalaba sikuupata.

Sanga aliniambia, "Wewe Mbena una roho ya jiwe. Chukua mpira wowote mkuukuu, choma msalaba, mtumie mzee afurahi."

Alisema kwa upendo. Nilifika mpaka kuupasha msumari. Nilikaa na mpira mkononi, msumari ukapoa. Sikuuchoma. Sijui kama nilitenda haki au nilikuwa na kiburi tu, na tangu siku hiyo nimeligeuza jambo hilo bila kupata jibu.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Lugarawa. Nilipanda lori mpaka mwisho wa njia yake, kisha nikatembea. Nilimkuta Mzee Haule ameketi juani kwenye ukuta wa nyumba yake, macho yameingia wingu, vidole vimekunjika kabisa kama vinavyoshika mpini. Alinitambua kwa sauti. Tuliulizana habari za watu na za mahindi. Akamcheka Sanga aliposikia kwamba mke alimpata, na tena mkali. Halafu akanigeuzia uso, nami nikajua kinachokuja.

"Mpira?"

Njia nzima nilikuwa nimetafuta namna ya kulisema.

"Mzee, nimetafuta mpaka siku ya mwisho ya kazi. Chini ya kila mti, ndani ya kijito. Haupo. Haujaanguka mahali popote ninapopajua."

Nilitazama miguu yangu. Nilidhani nimemnyima kitu. Yeye akainamisha kichwa upande mmoja vilevile, akasikiliza kwa muda, na uso wake wote ukafunguka.

"Haujaanguka," akasema polepole. "Basi bado unakwenda, mwanangu."

Nami, niliyeupekua udongo kwa miaka yote hiyo, nikajikuta nimeinua uso.